Baba Alipoanza Kujitunza

Baba yangu alistaafu kazi ya ukalimani wa korti mjini Nakuru wakati mimi nimeshaolewa na mfanyakazi wa reli wa mjini humo, na nina mtoto mmoja mgongoni. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha amesimama kati ya hakimu Mzungu na watu wetu, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza, na mara nyingine Kimaragoli, kwa kuwa Maragoli, upande wa magharibi, ndiko tulikotoka. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti nzito iliyozoea kufika mpaka watu wa nyuma wakasikia. Hata nyumbani, akiomba apitishiwe chumvi, ungedhani anasoma hukumu.

Alipenda watu. Alipenda nyama ya mafuta, chai yenye sukari nyingi, na kuimba besi katika kwaya ya kanisa. Mgeni akibisha hodi wakati wa chakula, baba alifurahi kuliko mgeni mwenyewe. Mama alikuwa kinyume chake: mtu wa maneno machache, mikono haitulii, na moyo wake wote ulikuwa Maragoli. Alikuja Nakuru kwa sababu mume alihamishiwa Nakuru, akakaa miaka yote hiyo kama mtu aliyeketi kwenye ukingo wa kiti.

Kazi ilipoisha, nyumba ya serikali nayo iliisha. Wakahamia vyumba viwili vya kupanga katika mtaa wa Bondeni, vyumba vinavyotazamana na ua wa watu wengi, pasipo hata kipande cha udongo cha kupandia kitunguu. Mama hakulalamika. Baba alikuwa amesema ni kwa muda tu, mvua za masika zikikaribia watafunga mizigo warudi nyumbani. Shamba lao lilikuwepo, ndugu yake mdogo alikuwa akililima, na nyumba aliyoijenga ujanani ilihitaji kuezekwa upya tu. Mama alianza kutenga vyombo vya kubeba na vya kugawa. Mimi nilipewa sufuria kubwa na kinu.

Pensheni ilikuwa ikichukuliwa boma, kwenye ofisi za serikali, kila mwezi. Wastaafu walikusanyika asubuhi kwenye veranda ya ofisi, wamevaa makoti yao ya kazini yaliyopigwa pasi, wakiitana kwa vyeo vyao vya zamani. Kila mmoja ilibidi afike mwenyewe, aonekane kwamba yu hai. Baba aliipenda asubuhi hiyo. Wakitoka pale walikwenda mkahawani kunywa chai na mandazi, na mazungumzo yao yalichukua siku nzima.

Rafiki yake mkubwa katika kundi hilo alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya mifugo, Mkikuyu wa Bahati, nje kidogo ya mji, mnene, mcheshi, mtu wa kucheka mpaka machozi. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, naye kama Mkikuyu ilibidi abebe pasi ya ruhusa hata kuja kuchukua haki yake mwenyewe, lakini alifika kila mwezi. Alikuwa amechelewa kuoa, kwa hiyo mkewe alikuwa bado kijana na watoto wao walikuwa wadogo. Mwezi mmoja hakuonekana. Baba alipouliza, aliambiwa kwamba mwenzake alianguka akitoka kuoga, na kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali alikuwa amekwisha.

Baada ya mazishi mjane alikuja kwa wazazi wangu Bondeni na mtoto wake wa mwisho, siku niliyokuwa nimewatembelea. Alimwambia baba kwamba karani wa boma amemfukuza mlangoni, naye anataka kusikia kwa masikio yake kutoka kwa bwana mkubwa mwenyewe. Hakujua Kiingereza. Marehemu alikuwa akimwambia kila mara kwamba likitokea lolote, amtafute shemeji yake wa kortini. Baba alivaa koti. Mama aliniambia niende nao, nimsaidie yule mama kumbeba mtoto, kwa sababu alionekana hana nguvu hata ya kusimama.

Ofisini tulimkuta Mzungu kijana, mwenye uso uliochomwa na jua na tabia ya upole. Alitupatia viti, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Baba alikataa kukaa. Alisimama kati ya meza na yule mjane, mikono imekutana mbele, jinsi nilivyomwona akisimama kortini siku zile nilipompelekea chakula. Nilihisi fahari kidogo. Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari na Kiingereza chepesi nilikisikia.

Mjane alieleza. Baba akatafsiri. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akalifunga, kisha akasema kwamba pensheni hutolewa kwa mtumishi kwa ajili ya utumishi wake, na mtumishi akifa imekoma. Mjane hana fungu.

Baba hakutafsiri. Alinyamaza, na Mzungu, akidhani hakusikia vizuri, alirudia maneno yale yale polepole. Baba bado hakutafsiri. Badala yake alimuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeizoea, ikiwa hiyo ni sheria ya huyu marehemu peke yake au ya watumishi wote.

Yule kijana alimtazama baba, nadhani ndipo alipotambua kwamba na yeye ni mstaafu. Alisema kwamba maofisa wa Kizungu na wa Kihindi wana mifuko yao ya wajane na mayatima, ambayo hukatwa katika mishahara yao. Kwa Waafrika mfuko kama huo haujawekwa. Alisema anasikitika. Naamini alisikitika kweli.

Ndipo baba akamgeukia mjane.

"Anasema pensheni ilikuwa ya mwenyewe," alisema. "Mwenyewe ameondoka, nayo imeondoka."

"Shemeji, umemwambia nina watoto?"

"Anajua."

"Mwambie tena."

Baba alimwambia tena. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akasema kwamba mjane atalipwa zile siku za mwezi ambazo marehemu aliziishi, na akaandika kikaratasi cha kumpa karani. Nje, kwenye veranda, yule mama alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumsemea vizuri. Alirudi Bahati. Baadaye tulisikia amechukuliwa kuchuma kahawa katika shamba la Mzungu mmoja, anaishi kambini na watoto.

Tulipofika nyumbani, mama alimwekea baba chakula, naye akakitazama tu. Mimi ndiye niliyemweleza mama yaliyotokea, tukiwa jikoni. Alisikiliza huku akichambua mchele, akasema maskini yule mama, na watoto wadogo vile. Sikuona kwamba alijiweka mwenyewe ndani ya habari ile hata kidogo.

Lakini baba alijiweka. Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa daktari Mhindi aliyekuwa na zahanati karibu na soko, akaomba apimwe mwili mzima. Daktari alimwambia damu yake inapanda, na kwamba mtu wa umri wake anaweza kuishi miaka mingi akijitunza: apunguze chumvi na mafuta, atembee kila siku, alale mapema, asikae kwenye baridi, asijipe hasira wala huzuni. Wengine huambiwa maneno kama hayo wakaitikia na kuyasahau mlangoni. Baba aliyapokea kama amri ya korti.

Akaanza kutembea. Asubuhi, amri ya kutotoka nje usiku ilipomalizika, alikuwa tayari mlangoni na fimbo na skafu nzito shingoni, akashika njia ya kupanda kuelekea mlima Menengai, akageuka pale askari walipokuwa wakikagua pasi. Akirudi alikunywa maji ya moto yenye ndimu. Mama akawa anapika vyungu viwili, kimoja cha baba kisicho chumvi na kimoja cha watu wengine. Nyama ya mafuta ilikoma. Chai ikawa ya rangi, bila sukari. Alilala kuku wanapoingia bandani, na ua wote wa Bondeni ukajua kwamba saa hiyo watoto wasipige kelele.

Mwanzoni tulifurahi. Alipungua tumbo, macho yakawa meupe, hatua zikawa nyepesi. Wastaafu wenzake walimtania kwamba anataka kuoa tena. Alicheka nao, lakini mkahawani hakwenda tena, kwa sababu ya moshi na mandazi. Kisha akaacha kwaya, kwa kuwa mazoezi yalikuwa jioni na kanisa lina baridi. Kisha akaacha kwenda matanga. Alisema daktari amemkataza huzuni. Mtu aliyekuwa wa kwanza kufika msiba unapotokea sasa alimtuma mama na kibaba cha unga.

Mama alinieleza sababu siku moja tukifua nguo. Baba alikuwa amemwambia waziwazi: siku zake za kuishi ndizo chakula cha mama. Kila mwezi atakaoamka mzima, mama atakula. Siku atakayoanguka, mama atakuwa kama yule wa Bahati. Kwa hiyo hana ruhusa ya kuanguka.

"Ananipenda," mama alisema, akikamua shuka. "Lakini nyumba imekuwa kama wodi."

Masika yalipokaribia, mama alikumbusha safari. Nilikuwa pale, nikimsuka mtoto nywele mlangoni, na wao wawili wameketi ndani.

"Mzee, wameniletea habari kwamba mvua imeanza kule," alisema. "Tukienda mwezi huu tutawahi kupanda."

"Kule kuna malaria," baba alijibu. "Na daktari yuko mbali, na mwendo wa kuja kuchukua pensheni ni mrefu. Nikifa, utakula nini?"

"Nitakula nilichopanda."

Baba akasema, bila ukali, kwamba mama hajui anachosema. Mama alitoka, akapita karibu yangu, akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Nimeyafikiria maneno yale ya mama mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kusikia. Yalikuwa kweli tupu. Alikuwa na mikono, na kule alikuwa na udongo, dada zake, na lugha yake mwenyewe. Mjane wa Maragoli aliyezungukwa na watu wake hakuwa sawa na mjane wa Bondeni mwenye kodi ya kulipa. Lakini baba alikuwa mtu wa mshahara tangu ujana. Usalama aliojua ni ule unaotolewa dirishani mwisho wa mwezi, na alipoambiwa kwamba dirisha lile litafungwa, hakuona mlango mwingine.

Masika yale yalipita. Yakaja mengine, nayo yakapita. Katikati hapo ndugu yake mdogo, yule aliyekuwa akilima shamba, alifariki. Ujumbe ulifika kwa mtu wa reli aliyefanya kazi na mume wangu. Niliupeleka kwa baba mimi mwenyewe. Alikaa kitandani, akaweka mikono juu ya magoti, akauliza kama niliambiwa ndugu yake aliumwa nini. Kisha akaanza kuhesabu hatari: behewa la daraja la tatu, baridi ya kule juu Timboroa njiani, usingizi wa kwenye mikeka, umati wa watu, kilio. Mama alikuwa ameshafunga kanga yake kiunoni.

"Ni ndugu yako," alimwambia.

"Nenda wewe. Waambie siko vizuri."

Mama alikwenda, akasema uongo kwa ajili yake mbele ya watu wake mwenyewe. Aliporudi alikuwa amekonda. Alisema mke wa marehemu aliuliza mara moja tu kuhusu baba, na alipojibiwa kwamba ni mgonjwa, akasema mbona tunasikia hupanda mlima kila asubuhi. Habari husafiri na reli. Baba alisikia hayo, na kesho yake akaenda kutembea kama kawaida. Lakini mama aliniambia kwamba hakufika mbali. Jirani alimwona ameketi kwenye jiwe njiani, fimbo imelala chini.

Kukonda kwa mama tulikudhania ni uchovu wa safari na msiba. Alikuwa akishika ubavu anapoinuka. Nilimuuliza, akasema ni gesi. Katika nyumba ile kulikuwa na mgonjwa mmoja tu aliyekubalika, ambaye hakuwa akiumwa, na mama alikuwa amezoea kumhudumia huyo. Aliendelea na vyungu viwili. Aliendelea kuchemsha maji ya ndimu kabla hajawasha moto wa uji wake mwenyewe. Baba, aliyejua mapigo ya moyo wake kila asubuhi, hakuona, ingawa hakuwa mtu mkatili. Macho yake yote yalikuwa yameelekea upande ambao alidhani kifo kitatokea.

Asubuhi moja jirani yao alinifuata landi za reli, kwenye nyumba za wafanyakazi tulikokaa, akasema mama yangu ameshindwa kusimama. Mume wangu alipata gari, tukampeleka hospitali ya serikali. Daktari alimbonyeza tumbo, akatuvuta pembeni akatuuliza kwa nini tumekawia kumleta. Uvimbe ulikuwa mkubwa. Alisema kama angeonekana mapema, pengine. Baba alimwomba arudie, kisha akamwomba tena, naye ndiye mtu aliyetafsiri maneno mabaya ya daraja zote miaka yote hiyo.

Mama alilazwa karibu na dirisha. Baba alikuja kila siku tangu mlango wa kutembelea wagonjwa ulipofunguliwa mpaka ulipofungwa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boma, nilimwona amesahau kutembea, amesahau kula. Alimshika mama mguu juu ya blanketi, kwa kuwa mikono ya mama ilikuwa inauma. Alimwambia akipona tu, watapanda gari moshi siku hiyo hiyo. Alimtajia shamba lile kipande kwa kipande, wapi watapanda wimbi na wapi mahindi. Mama alimsikiliza akitabasamu kidogo, kama mtu anayesimuliwa habari za watu anaowajua.

Siku ya mwisho niliyozungumza na mama, baba alikuwa ametoka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa ziwani ulikuwa unaingia. Mama alifumbua macho.

"Mwambie baba yako asikae hapo kwenye baridi," alisema.

Nilifunga dirisha. Kesho yake asubuhi, tulipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Hatukuweza kumpeleka nyumbani. Siku zile kusafirisha maiti umbali ule, na vizuizi njiani, lilikuwa jambo la watu wakubwa. Tukamzika Nakuru, katika makaburi ya mji, kwenye udongo ule mwepesi wa kijivu unaoporomoka ukiuchimba. Kwaya ya kanisa iliimba. Mvua ilianza katikati ya maombi, na mtu mmoja akamkaribia baba na mwavuli. Aliusukuma mwavuli pembeni, akasimama kichwa wazi, akaimba besi yake mpaka mwisho wa wimbo. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani. Wengi walilia kwa ajili ya ile sauti zaidi ya maneno.

Hakuugua. Nilikaa wiki nzima nikingoja homa, na haikuja. Mwili alioutunza ulikuwa imara.

Mwezi ulipofika alikwenda boma, akaonekana kwamba yu hai, akalipwa. Kutoka pale alikuja kwangu landi. Nilimwekea chakula, chenye chumvi, naye akala. Kisha akasukuma sahani.

"Nilijua mimi ndiye nitakayetangulia," alisema. "Nilipanga kila kitu kwa hilo. Halikunijia lingine."

Nilimwambia kwamba hakuna aliyejua. Akatikisa kichwa.

"Yeye aliniomba kurudi tu. Kupanda. Hakuniomba niishi milele."

Mtoto wangu alikuja akapanda magotini pake, naye akamshika, akatazama nje ambako mabehewa yalikuwa yanapangwa.

Alirudi Maragoli kabla ya masika yaliyofuata, mimi nikimsindikiza. Mke wa marehemu ndugu yake alimpokea kama anavyopokewa mgeni wa serikali: kiti nje, maji ya kunawa, maneno ya adabu. Baba aliomba aonyeshwe kaburi la ndugu yake. Alisimama pale peke yake muda mrefu, na alipogeuka yule mama alikuwa bado amesimama nyuma yake, mikono imefungwa kifuani. Baba alimwambia, kwa lugha yao, kwamba hakuwa mgonjwa siku ile. Yule mama alijibu kwamba anajua. Ilichukua miaka mpaka amwite shemeji tena.

Baba aliishi muda mrefu. Aliona uhuru, akaona wajukuu wakioa. Baadaye sana serikali yetu wenyewe iliweka utaratibu wa pensheni ya wajane na watoto, na siku habari hiyo ilipotangazwa redioni nilikuwa kwake. Aliomba redio iongezwe sauti, akasikiliza masharti yote, nani anastahili na kwa muda gani, jinsi alivyokuwa akisikiliza kortini. Ilipokwisha alisema ni sheria nzuri. Akauliza kama kuna mtu anayejua yule mama wa Bahati alipo. Hakuna aliyejua.

Watu wa kijiji waliwaleta watoto wao kumwangalia, mzee mwenye mgongo ulionyooka na meno yake kamili, wakimtaka aseme siri ya kuishi miaka mingi. Akisifiwa hivyo aliangalia pembeni, akauliza habari za mvua.